JOHN FLYNN, PASTA ALIYEWATAFUTIA WAMAMA WA MBALI NDEGE



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wakubwa, mara hii tunaenda mbali, mpaka Australia. Tunataka kuwaelezea juu ya John Flynn. Hakuwa munganga, wala hakuwa mwendesha ndege, lakini ni yeye aliyefanya kazi ya ndege za wagonjwa ianze kule. Tumemuchagua kwa sababu wengi wetu tunatoka vijiji vya mbali. Tunajua mama mwenye mimba akipatwa na shida usiku, dawa ya kwanza ni kipoyi na miguu ya wanaume wanne.

Utoto na masomo

Flynn alizaliwa tarehe 25/11/1880 huko Moliagul, katika jimbo la Victoria. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1883 mama yake alikufa katika uzazi. John alikuwa bado mutoto mudogo sana, akakomaa bila mama. Alipokuwa kijana alifundisha watoto kama baba yake, halafu akasomea kazi ya Mungu. Mwaka wa 1911 akawekewa mikono kuwa pasta katika Kanisa la Presbiteri, akatumwa Beltana, mahali pakavu upande wa ndani wa nchi.

Nchi pana, wanganga wawili

Kule ndani watu walikuwa wachache: wachungaji wa ng'ombe, watu wa reli na wachimbaji wa madini. Kutoka nyumba moja mpaka nyingine unaweza kumaliza siku nzima juu ya farasi. Katika sehemu mbili kubwa za nchi, pamoja karibu kilometa za mraba 1.800.000, kulikuwa wanganga wawili tu. Congo yetu nzima iko na 2.345.000. Muwaze basi!

Mwaka wa 1912 Flynn alipeleka ripoti kwa kanisa lake. Kanisa likaanzisha misioni ya watu wa ndani ya Australia, likamuweka yeye kuwa mukubwa wake. Kwanza alijenga nyumba ndogo za wagonjwa na kuweka ndani wauguzi wanawake. Wamama wakaanza kuzaa karibu na mutu mwenye kujua kazi.

Lakini haikutosha. Mutoto akilala kwa upande ndani ya tumbo, inaomba munganga wa kupasua. Damu ikitoka bila kukoma kisha kuzaa, mama anaweza kufa katika saa mbili hivi. Farasi atafika wapi kwa saa mbili?

Kifo kilichosikiwa nchi nzima

Mwaka wa 1917 kijana mumoja muchungaji wa ng'ombe, Jimmy Darcy, alianguka na farasi, akaumia sana ndani ya mwili. Walimupeleka Halls Creek. Munganga hakuwako, kulikuwa mutu wa posta tu. Huyo akapiga telegrafu mpaka Perth, karibu kilometa 3.000. Munganga wa Perth akamuongoza kwa telegrafu, neno kwa neno, naye akamupasua mugonjwa kwa kisu kidogo cha mufukoni. Halafu munganga mwenyewe akaondoka Perth kwa mashua, kwa motokari na kwa gari la farasi. Alipofika, Darcy alikuwa amekufa siku moja mbele.

Habari hii inafundisha jambo moja. Sauti ilifika siku ileile. Mikono ya munganga ndiyo ilichelewa. Na katika nyumba nyingi hata ile telegrafu haikuwako. Kwa hiyo Flynn alipaswa kutafuta vitu viwili: kitu cha kuita na kitu cha kuleta.

Ndege na baiskeli ya sauti

Mwaka ule wa 1917, askari mumoja kijana, Clifford Peel, aliyekuwa amesomea uganga na sasa alikuwa mwendesha ndege, alimuandikia Flynn barua na kumuonyesha namna ndege zinaweza kubeba wanganga. Peel alikufa katika vita huko Ufaransa mwaka wa 1918. Hakuona matunda ya barua yake. Flynn aliishika miaka kumi, akiomba feza kila mahali na kuandika katika gazeti lake. Mutu mumoja mwenye viwanda, H. V. McKay, alipokufa mwaka wa 1926 aliacha pauni 2.000 kwa ajili ya kazi hiyo.

Tarehe 17/5/1928 ndege ya kwanza iliruka kutoka Cloncurry, katika jimbo la Queensland. Ilikuwa ndege ya kukodisha kwa kampuni ya Qantas. Katika mwaka wa kwanza ilisafiri mara 50 na kusaidia wagonjwa 225.

Kuhusu sauti, fundi Alfred Traeger wa Adelaide alitengeneza radio isiyohitaji umeme wa muji. Mutu anakanyaga kwa miguu sawa vile baiskeli, na umeme unatoka. Tangu 1929 radio hizo zikaanza kuwekwa katika nyumba za mbali. Basi mama akishikwa na uchungu mbele ya wakati, mume wake anakanyaga, munganga anasikia, ndege inaondoka.

Upande mwingine

Hatupendi kuandika sifa peke yake. Misioni ya Flynn ilianza kwa kuangalia wazungu waliohamia kule. Wenyeji wa nchi, wenye ngozi nyeusi, hawakuwekwa mbele, na hata munganga Charles Duguid, wa kanisa lilelile, alimulaumu kwa wazi. Flynn alipokufa Sydney tarehe 5/5/1951, majivu yake yalizikwa karibu na Alice Springs. Juu ya kaburi waliweka jiwe kubwa lililotolewa mahali patakatifu pa wenyeji, bila ruhusa. Mwaka wa 1999 jiwe lilirudishwa, na wenyeji wengine, Waarrernte, wakatoa jiwe lingine kwa mapenzi yao. Wengi wanaona kwamba hapo kaburi lilipata amani.

Leo ndege zile zinabeba kila mutu. Muuguzi wa ndani ya ndege, mara nyingi, ni mukunga pia. Wamama wa mbali wanaombwa kuenda mujini majuma machache mbele ya kuzaa, kwa sababu nafasi ya ndege ni ndogo na kuzaa angani si vizuri. Lakini neno hili nalo lina uzito wake: mama anakaa peke yake, mbali na mume, mbali na mama yake, mbali na inchi yake.

Na sisi?

Tangu miaka ya 1960 ndege ndogo za misioni zinatua katika viwanja vya majani hapa Congo, na zimebeba wagonjwa wengi. Lakini ndege haiji kama hakuna aliyeita, wala haitui kama majani ya kiwanja hayakukatwa. Sisi wanafunzi tukirudi nyumbani, tunaweza kuwaambia wamama wajionyeshe mapema kwa mukunga, na tunaweza kushika panga kwenda kukata majani. Flynn hakumupasua mugonjwa hata mumoja. Alikazana tu miaka na miaka ili anayeita asikiwe, na anayesikia aweze kufika.