Marijani Rajab: Jabali la Kariakoo aliyebaki kwenye tepu za RTD

Vaa hedifoni, fungua wimbo wowote wa zamani wa Marijani Rajab. Utagundua sauti yake haiji kushoto wala kulia. Imekaa katikati, karibu kabisa na sikio, na kila neno linaeleweka. Magitaa, besi, ngoma na matarumbeta yote yamejipanga nyuma yake.

Simu yako haijaharibika. Nyimbo nyingi za enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) zilirekodiwa hivyo, mono, bendi nzima ikipiga kwa pamoja.

Marijani alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Mwaka 1972, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa tayari anaimba STC Jazz, bendi ya Shirika la Biashara la Taifa iliyoongozwa na mpiga gitaa Raphael Sabuni. Akiwa na bendi hiyo alirekodi Nairobi, ambako ndiko zilikokuwa studio za biashara na viwanda vya sahani za santuri. Dar hakukuwa na kiwanda hata kimoja.

Baadaye akahamia Safari Trippers, na hapo ndipo jina lilipopaa. Georgina na Rosa Nenda Shule ziliimbwa mtaani na wakubwa kwa watoto. Watu wakaanza kumwita Jabali la Muziki, na jina hilo halijamtoka mpaka leo.

Kisha njia ya Nairobi ikafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwa mwanamuziki wa Dar, hiyo ilikuwa miaka sita ambayo kupata santuri yako kutoka Nairobi ilikuwa kazi kwelikweli. Kilichobaki ni studio ya RTD, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere.

Ni katika miaka hiyohiyo Marijani alikuwa na Dar International, bendi iliyotupa Zuwena na Mwanameka. Kwa hiyo kazi zake kubwa kuliko zote zilitegemea chumba kile na maikrofoni zake.

Na kurekodi kwa namna ile hakukuwa mchezo. Siku hizi msanii anaingia studio peke yake, anaimba kipande, akikosea anarudia neno moja tu. Enzi zile wote waliingia pamoja na wimbo ulipigwa mwanzo hadi mwisho. Mpiga ngoma akikosea dakika ya mwisho, hakuna kukata wala kuunga, mnaanza upya.

Ubora wa wimbo uliamuliwa pia na nani amesimama wapi. Tarumbeta ina nguvu kuliko koo la mtu, ikisimama karibu na maikrofoni inameza kila kitu. Hivyo bendi inaporekodi pamoja, wapulizaji husogezwa mbali na mwimbaji huletwa karibu. Umbali kutoka kwenye maikrofoni ukiongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6. Hatua moja tu nyuma inaweza kubadilisha wimbo, na tepu ikishajaa huwezi tena kupandisha sauti ya mwimbaji peke yake.

Teknolojia ya stereo ilikuwepo kitambo. Mwingereza Alan Blumlein aliiombea hataza mwaka 1931, na Ulaya walishazoea kuweka maikrofoni mbili mbele ya piano kubwa ili noti nzito zisikike upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Lakini RTD ilirekodi kwa ajili ya redio, na redio za mkulima zilikuwa na spika moja. Stereo ya nini hapo?

Kwa sauti kama ya Marijani, mono haikuwa hasara hata kidogo. Alikuwa mtunzi wa visa, nyimbo zake zina watu wenye majina na mambo yaliyowakuta. Neno moja likipotea, kisa kimepotea. Alitamka kila silabi, na maikrofoni ikazinasa zote.

Mwaka 1978 bendi ilipata pigo. Abel Balthazar, Cosmas Chidumule na wenzao waliondoka, wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Wengi wangevunja bendi. Marijani alijaza nafasi akaendelea hadi miaka ya 80.

Tatizo lilikuwa pesa. Nyimbo zilipigwa redioni nchi nzima, lakini hazikumletea malipo kila zilipopigwa. Halafu kanda zikaenea. Mtu yeyote mwenye redio kaseti aliweza kunasa wimbo hewani, akautoa nakala na kuuza, mtunzi asijue hata zimeuzwa ngapi.

Dar International ilipokwisha, alizunguka kwenye bendi nyingine bila kurudi kwenye kilele chake. Mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa ameacha jukwaa, anaendesha maisha kwa kuuza kanda za muziki. Ndiyo, Jabali mwenyewe, muuza kanda, katika mji ambao nyimbo zake zilinakiliwa bila kumlipa.

Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40. Radio One, moja ya redio binafsi za mwanzo nchini, ilikuwa imeanza mwaka mmoja tu kabla. Sheria mpya ya hakimiliki, ile iliyoleta COSOTA, ilipitishwa 1999.

Tepu za RTD sasa ziko chini ya TBC, kwenye barabara ileile. Zuwena bado inapigwa kwenye harusi na daladala, na watoto wa juzi wanaiimba bila kumjua mwenyewe. Ukiisikiliza tena usiku huu, sikiliza matarumbeta yanavyoingia. Yanasikika kama yako mwisho wa chumba, mbali na aliyekuwa anaimba.