Matilda, Binti Mfalme Aliyenyimwa Kiti

Safari hii twatazama maisha ya Matilda, binti wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1102. Angali mtoto alipelekwa Ujerumani, na mwaka 1114 akaolewa na Kaisari Henry wa Tano. Mwaka 1125 mumewe alifariki, akamwacha mjane asiye na mtoto.

Kumbe nyumbani nako msiba ulikwisha kuingia. Mwaka 1120 ndugu yake William, mrithi wa kiti, alizama baharini katika Merikebu Nyeupe. Mfalme hakuwa na mwana mwingine wa ndoa. Basi akamwita binti yake, na mwanzoni mwa mwaka 1127 akawaapisha maaskofu na wakubwa wote kwamba watampokea Matilda. Stephen, mpwa wa mfalme, alikuwa miongoni mwa walioapa. Mwaka uliofuata Matilda aliozwa kwa Geoffrey wa Anjou, kijana mdogo kwake kwa miaka 11.

Mfalme alikufa tarehe 1 Desemba 1135, Matilda akiwa ng'ambo. Stephen hakungoja. Alivuka bahari upesi, na tarehe 22 mwezi ule ule Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye naye aliapa, akamvika taji.

Mwaka 1139 Matilda alikuja kudai haki yake, akisaidiwa na Robert wa Gloucester, ndugu yake kwa baba. Februari 1141 Stephen alitekwa vitani huko Lincoln, na ikaonekana kiti kimepatikana. Lakini Matilda aliwadai watu wa London fedha nyingi, asisikilize maombi yao. Nao wakamfukuza kabla hajavikwa taji. Walimwita mwenye kiburi. Twakubali kwamba alikosa subira; lakini baba yake alikuwa mkali kuliko yeye, naye alisifiwa kuwa mfalme imara.

Baadaye Robert naye akatekwa, ikambidi Matilda amwachilie Stephen ili ampate ndugu yake. Desemba 1142, akiwa amezingirwa katika ngome ya Oxford, alitoroka usiku kwa miguu juu ya theluji na mto ulioganda. Mwaka 1148 alirudi Normandy, asiione Uingereza tena.

Hata hivyo hakuiacha haki ya mwanawe. Mwaka 1153 Stephen alikubali kwamba Henry, mwana wa Matilda, atamrithi. Na mwaka 1154 Henry wa Pili akavikwa taji. Mama yake alimshauri mpaka alipofariki huko Rouen mwaka 1167.

Ndugu zetu, wakubwa walivunja kiapo siku moja tu, wakidhani wanaepuka matata. Walioyalipa kwa miaka mingi ni wakulima waliochomewa mashamba na kuporwa ng'ombe, ambao hakuna aliyewaapisha lolote. Tuapapo, tuwakumbuke hao.