MAISHA YA SIR J. J. THOMSON

Mwezi huu twatazama maisha ya Mwanglikana mwenzetu, Joseph John Thomson, aliyezaliwa karibu na Manchester, Uingereza, mwaka 1856. Baba yake, muuza vitabu, alitaka mwanawe awe injinia. Lakini baba alifariki mwaka 1873, na ada ya uanagenzi ilizidi uwezo wa jamaa. Mlango huo ukafungwa. Kijana akashika hesabu na sayansi, na mwaka 1876 akaingia Trinity College, Cambridge. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alifanywa mkuu wa maabara ya Cavendish.

Mikono yake haikuwa hodari kwa vyombo. Vile vya kioo vilitengenezwa na fundi wake, Ebenezer Everett. Hivyo ndivyo mwaka 1897 alivyoonyesha kwamba ndani ya atomu mna chembe ndogo mno, zinazoitwa elektroni. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Baadaye, pamoja na msaidizi wake Francis Aston, alipitisha chembe za gesi ya neoni zenye chaji ya umeme kati ya nguvu za umeme na za sumaku. Zikiwa na chaji moja na mwendo mmoja, chembe nyepesi hupindika zaidi kuliko nzito. Kwa hiyo kila uzito huchora mstari wake juu ya bamba la picha. Mstari wa uzito 20 ulitazamiwa. Lakini kando yake palikuwa na mwingine hafifu, wa uzito 22.

Thomson hakuwa na hakika ni kitu gani, wala hakuuficha. Alimwachia Aston auchunguze. Vita vikaikatiza kazi. Mwaka 1919 Aston, kwa chombo bora zaidi, alithibitisha kwamba neoni ni ya namna zaidi ya moja. Namna hizo huitwa isotopu. Mwaka 1922 Aston naye akapata Tuzo ya Nobel.

Thomson alifariki tarehe 30 Agosti 1940, na majivu yake yamezikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.

Ndugu, tusimdharau fundi mwenye karama tusiyo nayo, wala tusione haya kumwachia kijana kazi tuliyoianza. Na mlango mmoja ukifungwa, tusikate tamaa: Mungu anao mingine.