Jina Lilisahaulika, Kazi Ikabaki
Somo: Waebrania 6:10

Leo nataka niwaambie habari za Hormuzd Rassam, mtu aliyefukua mambo ya nyakati za Biblia, lakini sifa zikaenda kwa wengine.

Alizaliwa Mosul mwaka wa 1826, katika familia ya Wakristo. Ng'ambo ya mto Hidekeli watu waliona vilima vya udongo tu, kumbe chini yake kuna Ninawi, ule mji wa Yona. Mwaka wa 1846 Mwingereza Austen Henry Layard, aliyekuwa akichimba Nimrud, akamwandika Rassam kazi ya kulipa vibarua. Kijana hakuishia kuhesabu pesa. Alijifunza kuchimba, na Layard alipoacha kazi ile, Rassam akashika jembe.

Desemba 1853 akachimba Ninawi usiku. Simfanyi malaika, maana upande ule ulikuwa umeachiwa Wafaransa. Lakini ndipo likaonekana jumba la mfalme Ashurbanipal, kuta zimechongwa simba wakiwindwa, na vibao vya udongo kwa maelfu. Mwaka wa 1872 George Smith wa London alisoma habari ya gharika katika vibao vya Ninawi. Dunia ikashangaa, na jina la Smith likavuma.

Baadaye Rassam alitumwa hapa kwa jirani zetu, Ethiopia, kuwaombea wafungwa kwa Mfalme Tewodros. Naye akafungwa minyororo! Alitoka Aprili 1868. Je, alikata tamaa? Hapana. Alirudi kuchimba, na mwaka wa 1879 huko Babeli ikapatikana silinda ya udongo ya Koreshi, yule mfalme tunayemsoma katika Ezra.

Shukrani yake ikawa nini? Ofisa mmoja wa Makumbusho ya Uingereza alidai jamaa zake wanahusika na magendo ya vitu vya kale. Mzee akaenda kortini, na mwaka wa 1893 akashinda, akalipwa pauni 50. Alifariki mwaka wa 1910.

Sasa, wewe unayepanga viti alfajiri, mama unayepikia wageni chai, jina lako halisomwi kwenye matangazo. Najua inauma. Lakini usitupe jembe. Mwenye shamba anajua nani alilima. Amina?