Ada na Hesabu Iliyopinduka

Nawaletea habari za Ada Lovelace, maana kosa la kazi yake na langu ni ndugu.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake, mshairi Byron, aliondoka mtoto angali mchanga. Mama akamtafutia walimu wa hesabu. Mwaka 1833 alikutana na Charles Babbage, ambaye baadaye alibuni mashine kubwa ya kukokotoa, asiimalize maishani mwake. Mwaka 1843 Ada alitafsiri makala ya Kifaransa juu ya mashine hiyo, akaongeza maelezo yake, nayo yakaipita makala yenyewe kwa urefu! Humo mna jedwali la hatua 25 za kutafuta namba za Bernoulli: kila hatua na mstari wake, namba itoke wapi, jibu liwekwe wapi. Wengi huliita programu ya kwanza. Lakini tazama hatua ya 4: kumbe kiasi na asili vimebadilishana mahali! Mashine ya kuliumbua kosa haikuwepo.

Mimi niliumbuliwa. Tulitoka Kitale hadi Bungoma kuonyesha programu ya bei ya mahindi, nami nilikuwa nimegawanya magunia kwa shilingi. Gunia likatoka chini ya senti moja, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Siku hizi sigusi kompyuta kabla sijachora jedwali kama lile. Naweka namba rahisi, tuseme magunia 2 kwa shilingi 6,000, nakokotoa kwa kalamu mstari kwa mstari. Isipotoka 3,000, narudi nyuma.

Ada alifariki tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36 tu. Alizikwa Hucknall, kando ya baba asiyemjua.