Michael Grzimek, Kijana Aliyehesabu Wanyama wa Serengeti

Wengi wetu hapa Busawe tumepata kusikia habari za Profesa Bernhard Grzimek, lakini ni wachache wanaomfahamu mwanawe Michael, ambaye hakuwahi kutimiza hata miaka 25. Habari zake ndizo nitakazoeleza.

Michael alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili, 1934. Baba yake alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mwaka 1956 baba na mwana walionyesha sinema juu ya wanyama wa Kongo, nayo ikawapatia fedha nyingi. Wakataka kuzitoa fedha hizo ili kununua ardhi kwa ajili ya hifadhi. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika, Bwana Peter Molloy, akawaomba jambo jingine kabisa: waje kuhesabu wanyama. Wakati huo serikali ya Waingereza ilikusudia kubadili mipaka ya Serengeti, na haikujulikana kwa hakika wanyama ni wangapi, wala huenda wapi majira yanapobadilika.

Basi wote wawili walijifunza kuendesha eropleni. Yao ilipakwa mistari kama punda milia, nao wakaondoka Frankfurt Desemba 1957. Walikaa Banagi. Januari 1958 walipita juu ya mbuga, mstari baada ya mstari, wakihesabu kwa macho tangu asubuhi. Walipata wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Wataalamu waliofuata waliona kwamba nyumbu wengi hawakuhesabiwa. Lakini kabla ya hapo hapakuwa na hesabu ya kulinganisha nayo.

Kuhesabu hakukutosha. Waliwavika wanyama wengine mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue toka angani, tena wakakusanya majani na udongo, wapate kujua kwa nini nyumbu hupenda mahali hapa na kupaacha pale. Nadhani hilo ndilo swali lao lililo bora kuliko yote. Leo wanasayansi wanajua kwamba mbuga za kusini mashariki zina majivu ya volkeno, na majani mafupi yaotayo hapo yana chokaa na fosforasi nyingi, vitu anavyohitaji nyumbu anyonyeshaye.

Michael aliona kwamba mipaka mipya ingeziacha nje sehemu kubwa za mbuga hizo. Wakati huohuo yeye na baba yake walishika kwamba hifadhi isikaliwe na watu. Hapo mimi siwafuati, maana wanyama hao walikuwa wameishi na Wamasai, na sisi wa upande huu, kwa miaka mingi.

Tarehe 10 Januari, 1959, alipokuwa akiruka peke yake, tumbusi aligonga bawa la eropleni. Ikaanguka, naye akafa papo hapo. Katika mwaka huohuo mipaka ilibadilishwa: Ngorongoro ikatengwa na hifadhi, Wamasai wakahamishwa toka Serengeti, na upande wa kaskazini ukaongezwa hadi mpaka wa Kenya. Baba yake aliimaliza sinema yao ya Serengeti, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Majivu ya baba yake yaliletwa baadaye kuzikwa kando yake.