Thaddeus Stevens na Shauri la Eka Arobaini

Wasomaji wetu wengi wanalijua jina la Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, ambaye siku zake watumwa wa nchi ile waliwekwa huru. Habari za mwezi huu ni za mtu mwingine wa wakati ule ule, Thaddeus Stevens. Huyu aliuliza neno ambalo wengi hawakupenda kuulizwa: mtu aliyelima miaka yote bila ujira, siku ya kufunguliwa kwake atalima shamba la nani?

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika Danville, mji mdogo wa Vermont. Mguu wake mmoja ulikuwa umepindika tangu kuzaliwa, na watoto wenzake wakamcheka. Baba yake aliwaacha, na mama yake, Sarah, akajitaabisha sana ili mwana huyu asome, maana aliona ya kuwa jembe hataliweza. Akamaliza masomo katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akahamia Pennsylvania, akawa wakili katika Gettysburg.

Hapo yapasa tutaje jambo lisilompa sifa. Sheria ya Pennsylvania ilisema ya kwamba mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka nchi nyingine, akikaa miezi sita, amekuwa huru. Mwanamke mmoja, Charity Butler, alidai uhuru wake kwa sheria hiyo. Mwaka 1821 Stevens alisimama mbele ya waamuzi upande wa bwana, akawaonyesha ya kuwa mwanamke huyu alikaa kwa vipande vipande, wala si miezi sita mfululizo. Akashinda. Charity na watoto wake wakabaki utumwani kwa ajili ya hesabu ya siku. Miaka iliyofuata Stevens aligeuka kabisa, akawa mtetezi wa watumwa waliotoroka. Lakini Charity hakupata faida ya kugeuka huko.

Alipoingia katika baraza la Pennsylvania, alikitetea chuo cha Walutheri cha Gettysburg mwaka 1834 kipate fedha za serikali, ingawa wengi waliomchagua hawakutaka. Mwaka 1835 wenye mali walitaka kuifuta sheria ya shule zisizo na ada. Akaiokoa kwa hotuba moja. Na mwaka 1838 katiba mpya ilipowanyima watu weusi haki ya kupiga kura, alikataa kuitia sahihi yake.

Vita vya Marekani vilianza mwaka 1861. Wakati huo Stevens alikuwa mzee katika Bunge la Washington, msimamizi wa mambo ya fedha. Mwezi Juni 1863 majeshi ya kusini yalikiteketeza kiwanda chake cha chuma. Adui zake walisema baadaye kwamba ndiyo sababu aliyataka mashamba ya kusini. Bali mtu aliyekataa katiba mwaka 1838 hakungoja kuchomewa kiwanda.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, watu wapatao milioni nne walikuwa huru, nao hawakuwa na kitu. Mwezi Septemba, katika mji wa Lancaster alikokaa, Stevens alileta shauri lake. Alihesabu ya kuwa wakuu wa uasi, watu kama 70,000, walikuwa na eka milioni 394. Alitaka serikali izitwae. Kila mwanamume mzima aliyekuwa mtumwa apewe eka 40. Zilizobaki ziuzwe, fedha zilipe deni la vita na kuwatunza askari walioumia.

Wengi walimpinga, hata wa chama chake. Walisema mali ya mtu haiguswi, na aliye huru ajipatie shamba kwa jasho lake kama wengine. Tena magazeti ya kaskazini yaliogopa ya kwamba maskini wa viwandani nao wangedai mali ya matajiri. Hoja ya jasho ni ya kushangaza, kwa kuwa jasho la watu wale lilikuwa limekwisha kutoka. Na mali haikuwa haiguswi siku zote: Aprili 1862, watumwa wa mji wa Washington walipofunguliwa, serikali iliwalipa mabwana hata dola 300 kwa kichwa. Unguja nako, mwaka 1897, malipo yaliwekwa kwa ajili ya mabwana. Wenye kulima hawakulipwa miaka yao.

Mwezi Januari 1865 jemadari Sherman alikuwa amewagawia watu weusi mashamba ya pwani, kutoka South Carolina mpaka Florida, wakakaa humo watu kama 40,000. Lakini Rais Andrew Johnson akaamuru mashamba yarudishwe kwa wenyewe wa kwanza. Walioanza kupanda wakaondolewa, au wakabaki kuwa vibarua. Machi 1867 Stevens alileta tena shauri lake Bungeni, likaanguka. Basi wengi wakalima mashamba ya mabwana wa zamani kwa kugawana mavuno, wakikopa mbegu na chakula hata deni likapita mavuno. Shauri lenyewe halikufa: tangu mwaka 1989 mbunge John Conyers alileta mara nyingi mswada wa kuchunguza deni la utumwa, nao baadaye ukapewa namba 40 kwa ukumbusho wa eka zile.

Mwaka 1868, Johnson aliposhtakiwa, Stevens alikuwa mgonjwa hata alichukuliwa kitini kuingia Bungeni. Johnson aliokoka kwa kura moja. Stevens akafa tarehe 11 Agosti mwaka huo huo.

Hakuzikwa penye makaburi makubwa ya Lancaster, maana yalikataza watu weusi. Alikuwa amechagua makaburi madogo yasiyobagua, na sababu hiyo akaiandikisha juu ya jiwe lake. Katika wosia aliacha fedha kwa nyumba ya yatima wa kila rangi. Fungu jingine lilikuwa la Lydia Hamilton Smith, mama wa damu nyeusi na nyeupe, aliyeitunza nyumba yake miaka mingi. Bibi Lydia aliitumia fedha hiyo kuinunua nyumba ile, ikawa yake.